Karatasi Aliyoificha Fundi Kashindye

Mtu akiingia katika kibanda cha Kashindye Machibya pale Butimba, Mwanza, kabla salamu yake haijaitikiwa atatazamwa mikono. Si uso wala viatu, ni mikono. Ikiwa na jasho ataambiwa aifute. Ikiwa imeshika simu ataambiwa aiweke simu mfukoni. Na ikikawia huko mfukoni ataulizwa imefuata nini. Mkewe, Tereza, husema mzee huyu akifika mbinguni atamwomba Mtakatifu Petro aonyeshe funguo kwanza, asije akawa si yeye.

Kashindye ni fundi wa kujalidi vitabu. Wanachuo wa ualimu humletea ripoti zao, makanisa humletea vitabu vya nyimbo vilivyovunjika migongo, na ofisi ndogondogo humletea majalada yaliyoliwa na panya. Hushona kwa uzi wa nyavu za dagaa kwa sababu, kama asemavyo mwenyewe, uzi uliozoea kuvutana na ziwa hauwezi kushindwa na karatasi. Gundi huipika kwa unga wa muhogo na maji ya majani ya mwarobaini, ili mende akionja leo, kesho apite mbali.

Lakini nyuma ya meza, chini ya rundo la maboksi yaliyokatwakatwa, kuna sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ndani mna vitabu vya tiba vya Wazungu wa kale, vilivyochapwa enzi ambazo huko kwao hakuna aliyejua kwamba ziwa hili lipo, ingawa babu zetu walikuwa wakivua humo na kushiba. Kimoja ni cha mimea. Kimoja ni cha homa. Cha tatu, kizuri kuliko vyote, ni cha ukunga: jalada la ngozi lililogeuka rangi ya samaki mkavu, na picha za watoto wakiwa tumboni mwa mama zao, wengine wamejikunja, wengine wamekaa, wengine wanachungulia kama watu waliochelewa ibada.

Fundi asiyejua hata neno moja la Kilatini ana haja gani na vitu hivyo? Jibu liko Misungwi, utotoni mwake. Baba yake, mzee Machibya, alikuwa nfumu, mganga wa mitishamba aliyefuatwa na watu kutoka mbali. Siku alipobatizwa aliamriwa alete vibuyu na mapembe yake yote mbele ya kanisa, katekista akavitia moto huku watu wakipiga makofi. Kashindye alikuwepo, mtoto mdogo, amesimama karibu kiasi cha kusikia mbegu zikipasuka ndani ya vibuyu. Katekista akahubiri kwamba Mzungu ana tiba, sisi tuna ujinga. Machibya alirudi nyumbani akiwa na jina jipya na hana kazi.

Miaka ikapita. Kashindye akajifunza kujalidi, akaoa, akapata mtoto, Pius, akamsomesha. Ndipo nyumba moja ya mapadre huko vijijini iliposafisha stoo yake, na karatasi zilizoonjwa na mchwa akapewa yeye, akatengenezee majalada. Katikati ya takataka akakuta kile kitabu cha ukunga. Akamwita rafiki yake Obedi, aliyesoma seminari akaacha kwa ajili ya binti mmoja wa Magu, aje amsomee.

Obedi akavaa miwani, akasoma kwa taabu, akatafsiri. Mama anayechelewa kujifungua afungiwe jiwe linalotoka katika kiota cha tai.

"Afungiwe wapi?" Kashindye akauliza.

"Pajani."

"Rudia."

"Pajani, bwana! Jiwe, kiota cha tai, pajani. Nikuimbie?"

"Baba alikuwa anafunga mzizi. Pajani."

Kashindye alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na Obedi akajifanya anasafisha miwani.

Tangu siku hiyo akawa mtafutaji. Kitabu cha homa alikikuta sokoni kinafungia karanga, muuzaji anachana karatasi za miaka mia tatu na kuzisokota kama pembe. Kashindye alinunua sinia zima, na majirani wakala karanga mpaka wakalalamika kuumwa matumbo, yeye akiwa ndani ananyoosha karatasi kwa pasi ya mkaa. Obedi alipokisoma, wakakuta unga wa fuvu la binadamu unapendekezwa kwa mwenye kifafa. Fuvu la binadamu! Na bado wajukuu wa waandishi hao walivuka bahari kuja kutuambia kwamba kibuyu cha mzee wa Misungwi ni kazi ya shetani.

"Vya baba vilichomwa," Kashindye alipenda kusema. "Vya kwao vikavalishwa ngozi."

Kwa hiyo vitabu vile kwake havikuwa mapambo wala mtaji. Vilikuwa mashahidi. Alitaka vibaki hapahapa Mwanza, mtoto wa hapa avifunue kwa mkono wake, aone kwamba kila taifa lilipapasa gizani kabla ya kuona. Shahidi akitoroka, kesi ya Machibya imekufa. Ndiyo maana aliweka kufuli mbili, na ndiyo maana alitazama mikono.

Mwaka jana, masika, akaja Favour Akumu. Mwalimu wa ukunga katika chuo kimoja upande wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, mzaliwa wa Rorya, mrefu, mwenye sauti ya kufika darasa la jirani. Habari za sanduku alizipata kwa Obedi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mikono."

"Imefanya nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Tereza alicheka kule nyuma, akamkaribisha mgeni kiti. Baada ya mazungumzo marefu Kashindye akakitoa kitabu cha ukunga, akakishika yeye, akamfunulia yeye. Favour hakupumua vizuri mpaka picha ya mwisho. Kisha akaanza maswali. Kilitoka wapi? Nani mwingine anajua kipo? Kufuli hizo ni imara? Je, anaweza kukipiga picha, ili dunia ijue kiko Mwanza na mtu asiweze kukiuza kwa siri? Je, wanafunzi wake wanaweza kuja?

"Baba, hivi vitabu vinawindwa," akasema. "Kuna watu watavitafuta mpaka chini ya kitanda chako."

"Na wewe umejuaje kama nina kitu chini ya kitanda?"

"Mungu wangu! Mimi nakuonya."

"Mwizi wa kuku naye huuliza banda liko upande gani."

Favour akaaga bila kukasirika, akaahidi kurudi. Alipotokomea, Kashindye akafunga kufuli zote mbili na kuzivuta.

"Umeona alivyokuwa anakipima kwa macho?"

"Nimeona alivyokipenda," Tereza akajibu.

"Hata mwizi hupenda anachokiiba, Mama Pius."

Jioni hiyo akafanya jambo alilolirithi. Nfumu akimfundisha mwanafunzi dawa humtajia mizizi yote isipokuwa mmoja. Huo hubaki kinywani mwa mwalimu mpaka moyo wa mwanafunzi uonekane, na siku ya kuutaja mwanafunzi hapokei mkono mtupu. Hutoa kitu, hata kidogo, la sivyo dawa inalala. Anayeiba dawa kabla ya hapo ameiba majani tu. Kashindye akachukua wembe mpya, akakata kutoka kitabu cha ukunga karatasi moja, ile nzuri kuliko zote, ya mtoto anayetanguliza miguu. Akaificha ndani ya jalada la Biblia yake. Isipokuwa mkewe, hakumwambia mtu.

"Sasa wakiiba," akasema, "wataiba majani."

Tereza akatazama kitabu, akatazama wembe, akatikisa kichwa. "Umemlinda ng'ombe kwa kumkata mguu."

Katika watu wote waliokuja kibandani, mmoja tu hakutazamwa mikono: Chenge, mwalimu wa kwaya. Mtu wa maneno laini, asiyefika mikono mitupu. Leo sato, kesho mkungu wa ndizi. Kwa miaka yote waliyojuana hakuwahi kuomba kufunguliwa sanduku. Kashindye alimwamini kwa sababu hiyohiyo.

Basi ukatokea msiba mtaani, watu wote wakawa huko. Chenge akaja pale walipokaa, akanong'ona kwamba anahitaji vitabu vya nyimbo vya sauti ya kwanza vilivyoletwa kibandani kushonwa, kwaya ina mazoezi, mashindano ya Misungwi yamekaribia. Kashindye akamtupia funguo zote, za kibanda na za sanduku, kama zilivyo katika pete yake, akaendelea kuongea na wafiwa. Muda si mrefu zikarudi, na asante juu.

Jioni sanduku lilikuwa limefungwa vizuri, kufuli zote mbili. Ndani, kitabu cha mimea kipo. Cha homa kipo. Cha ukunga hakipo.

Muuza chipsi wa jirani akasema jambo moja: yule mwalimu wa ng'ambo alifika mchana, akasimama mlangoni akichungulia. Kashindye hakuuliza zaidi. Hakuuliza kama mlango ulikuwa wazi, wala kama binti alitoka na kitu. Mtu aliyekwisha kumpata mwizi moyoni hatafuti tena.

Jumamosi Favour akarudi. Kabla hajavuka kizingiti Kashindye alitoka nje na kupaza sauti: "Mwizi wa kitabu changu huyu hapa!"

Neno hilo katika mitaa yetu ni kiberiti kwenye nyasi za kiangazi. Tunalijua, na bado tunalitamka. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki. Mtu akauliza ameiba nini, mwingine akajibu simu, wa tatu akaokota tofali. Mkoba wa Favour ukavutwa, ukamwagwa chini. Vikaanguka glavu nyeupe za pamba, kitambaa laini kilichokunjwa, na brashi ndogo ya manyoya ya kufutia vumbi la vitabu. Vyote vipya.

Tereza akatoka na mwiko wa gundi mkononi, gundi ikidondoka. "Mwenye tofali! Wewe, nakujua, nimekuosha tongotongo! Weka chini au mnianze mimi!"

Tofali likawekwa chini. Watu wakarudi nyuma, wengine kwa kucheka, kama vile hakuna kilichotaka kutokea. Favour akapiga magoti, akaokota vitu vyake. Mikono ilikuwa imejaa vumbi, na safari hii Kashindye hakuitazama.

"Obedi amenisimulia habari za baba yako," Favour akasema alipoinuka. "Walimhukumu mbele ya watu na watu wakapiga makofi. Leo umenifanyia hivyohivyo, baba. Hivyohivyo."

Akaondoka kwa miguu, kichwa juu. Glavu moja ilibaki mavumbini. Tereza aliiokota, akaifua, akaianika kwenye kamba mbele ya kibanda, mahali ambapo mumewe asingeweza kutoka bila kuiona.

Kashindye alishikilia kwamba ni yeye. Alishikilia kwa Obedi, kwa muuza chipsi, kwa kila aliyeleta kitabu. Lakini alilala vibaya, na kila alipopita chini ya kamba aliinama.

Siku moja Chenge akaja na sato wawili, wamefungwa kwa jani la mgomba. Akakaa.

"Pole bado, Mzee Kashindye. Kitabu kimekuuma."

"Kimeniuma."

"Ndiyo dunia. Sasa mimi nafikiri tu. Kikipatikana, hata kikiwa pungufu, si bado ni mali?"

"Pungufu namna gani?"

"Mathalani ukurasa. Mathalani ile picha ya mtoto aliyetanguliza miguu. Labda wewe ulikuwa umeitoa uirekebishe, ipo mahali hapa, umesahau..."

Sindano ya Kashindye ikasimama katikati ya karatasi. Kule nyuma, mwiko wa Tereza nao ukasimama sufuriani.

"Nani amekwambia picha hiyo haipo?"

"Si... watu wanasema."

"Watu gani? Kwamba picha ile imekatwa tunajua mimi, Mama Pius na Mungu. Mama Pius, umemwambia mwalimu wa kwaya?"

"Sijamwambia."

"Basi tumwulize Mungu, au tumwulize aliyekifunua kitabu karatasi kwa karatasi?"

Chenge akaanza kucheka, akaacha. Akasema kuna bwana mmoja Arusha, mtu mzuri, mnunuzi wa vitu vya kale, naye ndiye aliyegundua kwamba kuna picha imekatwa, amekataa kukipokea mpaka ipatikane, na kwamba yeye Chenge alitaka kumshangaza mzee kwa habari njema. Maneno yakawa laini mno, yakakatika yenyewe.

Wengine wangeita polisi. Kashindye mwenyewe alishavuta pumzi ya kulipaza lile neno. Ulimi ukamgoma, kwa maana kupitia mlangoni aliiona glavu ikipepea. Ni Tereza aliyepita mbele, akaufunga mlango wa kibanda, akauegemea kwa mgongo.

"Mwalimu wa kwaya," akasema kwa upole, "vitabu vyenu vya nyimbo vilivyobaki viko humu vyote. Vya sauti ya pili, vya wanaume, vyote vimefumuliwa uzi. Jumapili mnakwenda Misungwi. Basi havishonwi, wala havitoki, mpaka kile kingine kirudi."

"Mama Pius! Hivyo ni vitabu vya Mungu!"

"Ndiyo maana nataka virudi kwa wenyewe. Na akina mama wa kwaya wakiniuliza kwa nini wataimba wameduwaa kama kondoo, nitawajibu. Unawajua akina mama wa sauti ya pili."

Chenge aliwajua. Kabla ya Jumapili kitabu cha ukunga kikarudi, kimefungwa ndani ya kanga, kimeletwa na bodaboda asiyejua alichobeba. Kwaya ikaenda Misungwi na vitabu vilivyoshonwa imara. Iliongozwa na mtu mwingine. Mwalimu wao alisema kifua kinambana. Sato wale wawili hakuna aliyewala. Tereza aliwapa paka, na hata paka, asema Kashindye, aliwanusa kwanza.

Baada ya hapo Kashindye akavaa koti la kanisani, akaenda Kamanga kupanda kivuko cha Sengerema. Kitabu kilikuwa ndani ya begi, begi liko mapajani, mikono yote miwili juu yake. Ile karatasi ilikuwa kifuani, ndani ya Biblia. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alipomsogelea akasogea mbali. Padre alipomsalimu akaitikia bila kuachia begi. Lakini safari hiyo alikuwa akimshuku mtu mwingine zaidi ya wote, na mtu huyo alikuwa amevaa koti lake.

Alimkuta Favour darasani peke yake, anafuta ubao. Favour alimwona, akaendelea kufuta mpaka ubao ukawa mweusi kabisa.

"Shikamoo," akasema hatimaye, kwa kuwa mkubwa ni mkubwa hata akikukosea.

"Marahaba, mwalimu. Kitabu kimepatikana. Aliyekichukua ni rafiki yangu. Nilimpa funguo kwa mkono wangu." Akaweka begi mezani, na juu yake ile glavu moja, nyeupe. "Nimekukosea mbele ya watu. Nimeshasema mbele ya watu walewale kwamba nilikosea. Wa bodaboda, wa chipsi, wote. Nikaona nije niseme na hapa."

Favour alivaa glavu, akakifungua kitabu. Alipofika palipokatwa akasimama, akapitisha kidole kwenye kovu.

"Hii nini?"

"Wembe."

"Wembe wa nani?"

"Wangu."

"Baba! Kitabu kimevuka vita, moto, bahari na mchwa wa vijijini, kikaja kukatwa Butimba na fundi wa vitabu!"

Kashindye akainamisha kichwa. Akamweleza habari za mzizi mmoja usiotajwa. Hakujitetea; alieleza tu, kama mtu anayeonyesha mahali alipojikwaa. Kisha akasema alichovukia ziwa kukisema: kwamba yeye amezeeka, Pius hana habari na karatasi, na mashahidi wanahitaji mtu wa kuwaita mbele ya vijana. Kitabu hiki kikae hapa, katika kabati la chuo, wanafunzi wakifunue. Viwili vingine vitafuata wakati wake.

"Na ile karatasi?" Favour akauliza.

Kashindye akatoa Biblia, akaichomoa karatasi, akaishika. Hakuitoa.

"Haipokelewi kwa mkono mtupu. Ndivyo ilivyo kwetu. Toa kitu, hata kidogo."

Favour akaweka kidole tena juu ya lile kovu la wembe.

"Nimeshatoa," akasema. "Nilipiga magoti kwenye vumbi lako nikaokota vitu vyangu, na mtu amesimama na tofali. Kama hicho hakitoshi, rudi na karatasi yako."

Kivuko kikapiga honi mbali. Kashindye akainyoosha karatasi juu ya meza kwa kiganja, akaisukuma mpaka upande wa pili.

"Imepokelewa," akasema.

Akatoa sindano na uzi wa nyavu, aishone palepale. Lakini Favour akamzuia kwa mkono wenye glavu, akakivuta kitabu kwake, akaanza kuhesabu karatasi moja moja kutoka mwanzo, kwa sauti, macho yake yakimrudia mzee kila mara. Kashindye hakuchukia. Alivuta kiti, akaketi, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza ili ionekane.